Kenya: Wahadhiri wamerejea darasani, mzizi wa mgogoro ungalipo

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, ulioanza tarehe 17 Septemba 2025, ulimalizika tarehe 5 Novemba, baada ya siku 49. Chama chao, UASU, kilidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021. Serikali ilishikilia kuwa deni lililosalia lilikuwa milioni 624 tu. Hatimaye ilikubali kulipa kwa awamu mbili, ya pili ikiwa Julai 2026.

Pengo hilo la hesabu lina chanzo chake. Mwajiri wa mhadhiri ni baraza la chuo chake, na mabaraza ndiyo hutia saini mikataba. Fedha, hata hivyo, hutoka Hazina ya Taifa. Mwenye kuahidi, basi, si mwenye kulipa. Makamu wa chansela anapowaamuru wahadhiri warejee kazini, hana fungu la kuwatuliza. Nao humwona yeye kuwa mkaidi, kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Aliyelipia mvutano huo ni mwanafunzi: muhula ulisimama, lakini kodi ya chumba na chakula havikusimama.

Majadiliano ya mkataba wa 2025 hadi 2029 ndiyo kipimo kijacho. Iwapo Hazina haitakuwapo mezani tangu mwanzo, saini mpya itazaa deni jipya, na deni jipya litazaa mgomo mwingine.