Eti Daktari Asiyekushika Hajakutibu

"Daktari asiyekushika hajakutibu." Kauli hii husikika redioni kila matibabu mtandao yanapotajwa, na wasikilizaji hupiga simu kuiunga mkono. Naam, hupiga simu. Jipu halitumbuliwi kwa video, hilo halina ubishi. Lakini kisukari na VVU ni maradhi ya maisha: mgonjwa humwona daktari dakika chache, kisha hujitibu mwenyewe nyumbani kwa wiki nzima nzima, na huko ndiko mambo huharibika. Mtu wa insulini akiambiwa kliniki aiweke kwenye friji, huitikia "sawa" kwa kuwa foleni nyuma yake imefika mlangoni. Akifika kwake huisukuma chupa hadi kwenye barafu, ikaganda, naye akaendelea kujichoma dawa ambayo ilipaswa kutupwa. Tena hujichoma palepale pembeni ya kitovu mpaka panavimba na dawa hainyonywi sawasawa. Mkono gani wa daktari ungeliona friji hilo? Muuguzi akisema kwenye video, "Hebu lifungue nione, mama," ameshafundisha.

Ushahidi upo, tena kwa Kiswahili chetu. Utafiti wa WelTel wa Kenya, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, ulihusisha watu 538 walioanza ARV. Nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe wa simu: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; mwenye shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Makundi yote mawili yalihudhuria kliniki kama kawaida. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na 50 kwa wenzao. Wote walishikwa na daktari. Kilichowatofautisha ni simu.

Halafu tunaambiwa wazee hawaziwezi simu. Wazee haohao hupokea hela za wajukuu kwa M-Pesa, na wakala akiwapunja shilingi mia patachimbika. Ajabu ni kwamba tapeli anayeuza mtandaoni chupa tatu za kumaliza kisukari haulizwi amemshika nani; anayeulizwa ni muuguzi aliyesomea kazi yake. Muuguzi huyo leo hupiga simu kwa salio lake mwenyewe, au haipigi kabisa. Mifuko ya bima imlipie dakika hizo kama inavyolipia vipimo.