Wazee Watuliwe Mzigo wa Shingo

Katika vilima vya Kasulu na Kibondo, ndoo ya maji, tita la kuni na kikapu cha muhogo husafiri juu ya kichwa. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na aibebaye tangu usichana hadi uzeeni ni mwanamke. Siku anapolalamika kwamba shingo haigeuki, hujibiwa: huo ni uzee.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Gegedu zilizo kati ya pingili 7 za shingo hunyauka kadiri umri unavyosonga, na wengi waliopita miaka 60 huonekana na mchakao huo katika picha ya eksirei, hata wasio na maumivu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wabebaji wa Afrika Magharibi ulionyesha kwamba hali hiyo huwapata zaidi wabebao mizigo kichwani. Mchakao haufutiki, maumivu hupungua.

Njia ni tiba ya viungo. Mgonjwa hufundishwa kurudisha kidevu nyuma taratibu, kugeuza shingo bila kuilazimisha, kuimarisha misuli ya shingo na mabega, na kujikanda kwa maji ya vuguvugu. Hayo hayahitaji mtambo. Yanahitaji mwalimu na subira ya majuma kadhaa. Vidonge vya maumivu vimezwavyo kila siku pasipo ushauri vyaweza kudhuru tumbo na figo. Ila mwenye ganzi mikononi au miguu iliyolegea asingoje mazoezi; aende hospitali upesi.

Wataalamu wa fani hii wamefunzwa kwa miaka mingi huko KCMC, Moshi. Hatudai kila zahanati ipate wake. Tunashauri waganga na wahudumu wa afya vijijini wafundishwe mazoezi haya na dalili za hatari, ili bibi asisafiri siku nzima kufuata somo la nusu saa.

Hata hivyo, mazoezi asubuhi na ndoo jioni ni kujenga na kubomoa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita kiasi, na kauli ya kumtua mama ndoo kichwani imetolewa mara nyingi. Kabla bomba halijafika, baiskeli ipo, na wajukuu wa kiume wapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuupokee, nasi tutaujua uzito wake.