Filamu zetu zioneshwe usiku mapema

Mhariri,

Mimi si mhakiki, ni mtazamaji wa jioni tu baada ya kazi. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina ilinitoa machozi: Jo ni mtoto asiyetarajiwa kupona, na kijiji kizima kinamwigizia ndoto yake ya ushujaa. Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji ina picha nzuri mno za Unguja, ila aliyesoma riwaya ya Adam Shafi atakosa mengi.

Iliyonishika zaidi ni fupi, Watu Wote, kuhusu basi lililovamiwa Mandera mwaka 2015. Abiria Mwislamu anampa hijabu Mkristo aliye karibu naye ili wavamizi wasimtambue, haraka, bila maneno.

Vituo vya televisheni, tafadhalini, filamu hizi zioneshwe watoto wakiwa hawajalala.

Mtazamaji,
Tanga