Nani Kasema Kitambaa Kinauma?

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wenzangu wanaojiita wasanii, nao ni ugonjwa wa kungoja. Mwandishi anangoja msamiati ukomae. Mchoraji anangoja rangi za kutoka nje. Na sasa hata hawa wachache waliotamani kushona mfarishi wa sanaa, yaani ule wa kutundikwa ukutani usimulie jambo, si wa kujifunika, nao wamekaa wanangoja. Ukiwauliza wanangoja nini, jibu ni moja: "Naogopa kukata."

Siwalaumu wao. Nawalaumu wanaowatia hofu. Katika warsha moja hapa Dar es Salaam, sitaitaja, mkufunzi alituambia eti mtu asishike mkasi mpaka awe na ramani kamili kwenye karatasi, mashine nzuri, na pamba mpya ya bei mbaya. "Kitambaa hakisamehe," alisema, na darasa zima likainama kuandika. Mwenzangu mmoja tangu siku ile amefungia sandukuni kanga mbili za marehemu bibi yake. Alitaka kuzishonea habari za bibi huyo. Mwaka wa pili huu, wanaofaidi ni nondo.

Haya, tukubali kwamba kilichokatwa hakirudi. Lakini jamani, mfarishi hutengenezwa kwa nini kama si kwa vipande? Ukikata vibaya umepata kipande kidogo zaidi, basi. Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza nawaonea wivu: sentensi yangu mbovu haiwezi kugeuzwa ikawa pindo.

Na hii imani ya pamba mpya imetoka wapi? Kule Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi maskini walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa na magunia ya mbolea. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Akazichukua nguo za shamba za marehemu, zilizofubaa kwa jua, akazishona mfarishi ajifunike na kumkumbuka. Hakuzifungia sandukuni. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika majumba ya makumbusho, kwanza Houston, kisha New York, na watu wakaenda kuishangaa. Hakuna aliyeuliza pamba ilinunuliwa duka gani.

Mwingine ni Faith Ringgold, mchoraji wa Harlem aliyefariki mwaka 2024. Mfarishi wake wa kwanza aliushona mwaka 1980 pamoja na mama yake, Willi Posey, mbunifu wa mavazi. Ringgold alikuwa anakaribia miaka 50, wala hakuona haya kukaa kando ya mama na sindano. Kisha likatokea jambo linalotuhusu sisi wa kalamu. Hakupata mchapishaji wa kitabu cha maisha yake. Basi akaandika hadithi zake juu ya kitambaa chenyewe. Mfarishi wake wa kwanza wa hadithi ni wa mwaka 1983. Kile kitabu cha maisha yake kilikuja kutoka mwaka 1995. Sasa we unayelia kwamba wachapishaji wetu hawajibu barua, umekwisha kuangalia shuka lako?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wamarekani. Si kweli hata kidogo. Pwani yetu husimuliwa kwamba leso za mwanzo zilikuwa vitambaa vya mkononi, sita sita, akina mama wakaviunga vikawa vazi moja. Na kanga inasema maneno tangu hatujazaliwa. Mkufunzi yule akisoma ukurasa huu, naomba anijibu: bibi hao ramani walichorewa na nani?

Kwa anayetaka kuanza kesho, asianze na kanga ya marehemu. Nenda kwa fundi wa barazani, muombe mabaki, mengi huyatupa. Kata vipande vya kutosha ukubwa wa daftari tu. Chini weka kitambaa chochote, katikati kipande cha blanketi kuukuu, juu upange mabaki yako. Yahamishe huku na huku mpaka jicho liridhike, hata ukilala nayo yamepangwa sakafuni. Kisha piga bandi kwa mkono. Bandi hufumuliwa bila hasara, sasa woga wa nini? Ukiridhika ndipo ushone moja kwa moja. Vaa kastabini, maana blanketi ni gumu na sindano haina adabu.

Shona vitatu vya namna hiyo, vibaya vibaya tu, usimwonyeshe mtu. Mkono utakuwa umezoea. Hapo fungua sanduku, itandaze kanga ya bibi, ipige picha ikiwa nzima. Anza kukata pembeni, penye pindo. Jina la kanga, yale maneno yake, liache mwisho, na ulitoe lote kwa pamoja bila kulikata katikati.