Hata Nyani Husema Kweli

Kwenye mkutano wa mtaa wetu, mzee mmoja alisimama akauliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, fedha tulizochanga za pampu ziko wapi?" Mwenyekiti hakufungua daftari. Alimjibu: "Mzee wangu, wewe mwenyewe unadaiwa bili ya maji ya miezi mitatu. Nyani haoni kundule!" Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Mzee akakaa. Tukaingia kwenye mengineyo, swali la pampu likazikwa hapohapo.

Tumelelewa tukiamini kwamba mwenye dosari hana haki ya kumnyooshea mwenzake kidole. Imani hiyo ni potofu, na ndiyo kichaka wanamojificha wezi. Deni la mzee ni la kweli. Lakini alipe asilipe, fedha za pampu ama zipo ama zimeliwa. Hayo ni mambo mawili, na kila moja linadai jibu lake.

Chukua mfano wa mbali. Mwaka 1931, vijana 9 weusi walikamatwa Alabama, Marekani, wakasingiziwa kuwabaka wanawake wawili wazungu. Wanane walihukumiwa kifo harakaharaka. Miongoni mwa waliopaza sauti kuwatetea ilikuwa Moscow ya Stalin, yaani serikali ya Kisovieti, ambayo sera zake zilileta njaa iliyoua mamilioni ya watu Ukraine na kwingineko mwaka 1932 na 1933. Kama kuna nyani asiyeona kundule, ndiye huyo. Je, unafiki wa Moscow uliwatia vijana wale hatiani? Hata kidogo. Mwaka 2013 Alabama yenyewe iliwapa msamaha watatu wa mwisho, wakiwa kaburini. Na dhuluma ya Alabama, kwa upande wake, haikumfufua hata mmoja aliyekufa njaa Ukraine.

Sisemi methali ifutwe. Inamfunza anayenyoosha kidole ajichunguze naye. Haikutungwa kumwokoa anayeulizwa. Tukisubiri asiye na doa ndiye aulize, hakuna atakayeuliza, kwa kuwa asiye na doa hajazaliwa mtaani kwetu wala kwenu.

Tuliocheka siku ile tulicheka fedha zetu wenyewe. Kwa hiyo ndugu msomaji, mkutanoni kwenu mtu akijibu swali kwa kutaja dosari za muulizaji, usicheke wala usipige makofi. Simama, urudie swali lilelile: fedha ziko wapi?