Hadithi Tumeichoma, Ramli Tumeiacha



Kabla sijakulaumu wewe, niache nijilaumu mwenyewe. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa kijana ninayeanza kusomesha chuoni huku Temeke, nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja ameficha kitabu cha hadithi chini ya jamvi. Nilipoona jaladani neno "mzimu" sikuuliza, wala sikufungua hata ukurasa mmoja. Nilimchapa bakora tatu, na kitabu nikakitia mekoni mbele ya wenzake. Jioni ile nilikwenda kuswali Magharibi nimejaa fahari, kana kwamba nimevunja sanamu.

Na kubwa zaidi ni hili: kitabu kile nilikuwa nakijua vyema. Nilikisoma nilipokuwa na umri wa mtoto yule, kwa mwanga wa kibatari, nyumbani kwa mjomba wangu Magomeni, na usiku ule sikuthubutu kwenda chooni peke yangu. Nilikipenda mno. Lakini nilipokwisha kusoma vitabu viwili vitatu vya fiqhi niliona aibu kuwa niliwahi kupenda hadithi, na aibu yangu akailipia mtoto wa watu.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha marehemu Muhammad Said Abdulla. Mzee huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya bwana afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, na akafariki mwaka 1991. Hadithi yake hiyo ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Bwana Msa na kiko chake, sahibu yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi: ni nani katika rika letu, wa Temeke au Kinondoni, wa Tanga au Mombasa, asiyewajua watu hawa?

Mwaka jana mjukuu wangu alikinunua kitabu hicho kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, akaniletea nimsomee. Tulikaa barazani siku nne, kila baada ya Alasiri. Tangu utotoni nilikuwa nimebakiwa na khofu yake tu: giza, mzimu, maiti. Nilipokirudia nikiwa na mvi nilikuta jambo jingine kabisa. Maiti imeonekana mahali panapoogopwa, na khofu ya mahali penyewe imekuwa pazia la kufichia jinai. Bwana Msa haliogopi pazia. Huuliza, husikiliza, hupima maneno ya huyu kwa maneno ya yule, na mwisho hudhihiri kuwa mkono ulioua ni wa binadamu. Kisima cha Giningi nacho ni hivyo hivyo. Giningi ni jina ambalo wazee wa visiwani hulitaja kuwa ni makutano ya wachawi; mwandishi akalichukua jina hilo la kutisha, na chini yake akaweka mambo ya watu na tamaa zao na hila zao.

Basi tazama, ndugu yangu, nilichokichoma. Nilidhani nachoma ushirikina, kumbe nimechoma kitabu kinachouvua ushirikina nguo!

Na ramli je? Ramli sikuichoma. Hebu tembea kutoka Tandika mpaka Manzese uangalie nguzo za umeme. Kila nguzo ina kibao cha mganga na namba yake ya simu: anarudisha mke, anavuta mali, anamtaja adui yako kwa jina. Na wengine, wala tusifichane, ni wenye vilemba, wanaopiga ramli mkono mmoja na mkono wa pili wameshika msahafu. Ni khutba ngapi zimewataja hao? Mtoto mwenye kitabu cha hadithi tunamwona upesi, kwa sababu ni mdogo na hana la kutufanya.

Usidhani nasema ya mbali. Haikupita miezi mitatu tangu tumalize kitabu, akanijia baba mmoja, jirani yetu huku Mbagala, mtu wa safu ya mbele msikitini. Watoto wake wawili walikuwa wanaumwa homa isiyokwisha. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa adui yumo ndani ya nyumba, ni mwanamke mzee wa upande wa baba. Na nyumbani mwake mwanamke mzee ni mmoja tu: shangazi yake aliyemlea. Alikuja kuniuliza kama dini inamruhusu kumtoa.

Wallahi, zamani ningemwandikia kombe nikamwambia asubiri. Safari hii nilimwuliza: Homa ilianza lini? Nani anaumwa, na nani haumwi? Wanakunywa maji gani? Akajibu kuwa bomba limekauka tangu Ramadhani, na watoto wanachota kisima cha jirani. Shangazi hanywi ila chai. Tukaenda kukiangalia kisima. Choo kiko hatua kumi hivi, upande wa juu. Watoto wakapelekwa zahanati, wakapimwa, ikaonekana ni homa ya matumbo. Wakatibiwa, wakapona. Kisima kile kilikuwa na uchawi kweli, lakini ni uchawi wa choo. Shangazi yumo nyumbani hadi leo, na Mungu amemsitiri asijue jinsi alivyokaribia kulala njiani.

Si kila shangazi hupata bahati hiyo. Mwaka 1995 ilipovuma khabari ya Popobawa Pemba na Unguja, mpaka ikafika hapa Dar es Salaam, watu walilala nje makundi makundi, na huko Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi lililodhani ndiye. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya damu ya ndugu zetu wenye ualbino. Hayo yote yana mzizi mmoja: neno limesemwa, na hakuna aliyeuliza.

Utasema: "Sheikh, hadithi ni uongo, na uongo ni haramu." Nitakujibu: msimulizi amekwambia tangu mwanzo kuwa anasimulia hadithi, basi amekudanganya nini? Mwongo ni yule aliyemtaja shangazi.

Utasema: "Bwana Msa mwenyewe anavuta kiko." Kweli, na mjukuu wangu nilimwambia asimwige kiko. Sikusema ni kitabu cha dini wala sikusema kisomwe msikitini. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe khabari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mvuta kiko huyu wa hadithini ameitenda amri hiyo kuliko wengi wetu tunaoihifadhi.

Utasema: "Je, unakanusha majini?" La hasha! Mola ameyataja, na mimi nayaamini. Lakini kuamini kuwa majini yapo si ruhusa ya kumsingizia jini kila homa, wala kumsingizia bibi kizee. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Baba aliyefiwa, mwenye huzuni, angaliweza kunyamaza na sifa ikawa yake. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa mtu. Kama yeye hakukubali dhana ile iliyomtukuza mwanawe, sisi twakubalije dhana inayomfukuza mama wa watu?

Wala kupenda hadithi peke yake hakutoshi. Arthur Conan Doyle wa Uingereza, aliyemtunga Sherlock Holmes, mpelelezi ambaye Bwana Msa wetu hufananishwa naye, aliletewa picha ambazo wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley walianza kuzipiga mwaka 1917, wakidai ni za viumbe wadogo wenye mabawa. Akaziamini, na mwaka 1922 akaziandikia kitabu. Mwaka 1983 wasichana wale, wakiwa vikongwe, walikiri kuwa vilikuwa vikaratasi vilivyokatwa kwa mkasi. Aliyemfundisha ulimwengu mzima kuuliza, mwenyewe hakuuliza. Nasi tunaosifu barazani vitabu vya utoto wetu tu hali hiyo hiyo: tumehifadhi majina na vituko, na akili yake tumeiacha humo humo kitabuni.

Yule mwanafunzi wangu leo ni baba wa watoto wanne, anakaa Mwananyamala. Nilimtafuta, nikampelekea nakala nyingine na kumwomba radhi. Alicheka, akanisamehe, kisha akaniambia neno ambalo halijanitoka: kuwa siku ile alikuwa amefika katikati, na mwisho wake hakuujua mpaka leo. Yaani mimi, mwalimu wake wa dini, nilimwachia mtoto yule mzimu, nikamnyang'anya ufumbuzi wake.

Basi enyi wazazi na walimu wenzangu, kitabu alichokishika mtoto kisome kwanza ndipo ukihukumu. Vile ulivyovipenda utotoni vitafute, ukae naye, na mfike pamoja mpaka ukurasa wa mwisho. Na siku utakapoletewa jina la adui wako na mpiga ramli, usimfukuze mtu. Kaangalie kisima.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona na ndimi za kuuliza. Amin.