MPAKA WA JIMBO HUPIGA KURA KABLA YETU

Wananchi wamezoea kuhesabu kura usiku wa uchaguzi, hali ya kuwa hukumu kubwa imekwisha kukatwa zamani na watu wachache walioketi mbele ya ramani. Jambo hili twataka kulieleza leo waziwazi, kwani mtaa usiolijua hupoteza sauti yake pasi na kusikia kishindo.

Chukua mfano wa mtaa wenye wapiga kura 3,000 ndani ya jimbo la wapiga kura 5,000. Mtaa huo haupuuzwi. Kila mgombea atafika barazani kwake na kuulizwa khabari za maji, mitaro na skuli. Sasa ukatwe mapande matatu, na kila pande litiwe katika jimbo mbalimbali. Watu ni wale wale, wala hapana aliyenyimwa shahada yake; lakini wamekuwa wachache kila mahali, na haja yao haimkoseshi usingizi mwakilishi yeyote. Hila ya pili ni kinyume chake: wafuasi wa upande mmoja hurundikwa pamoja, wakashinda kwa maelfu ya ziada yasiyo na kazi, na majimbo ya jirani yakaenda kwa wengine kwa kura chache chache.

Visiwa hivi vyayajua hayo. Mwaka 1957 viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6. Januari 1961 vikawa 22, Juni 23, na Julai 1963 vikawa 31. Katika uchaguzi huo wa 1963 Afro-Shirazi ilipata kiasi cha kura 54 katika kila 100, ikaambulia viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata viti 18, na serikali ikawa yao. Hesabu ya namna hiyo yaweza kutokea bila ya karatasi hata moja kuibiwa. Hatusemi kwamba mipaka peke yake ndiyo iliyoleta Januari 1964. Twasema kwamba serikali iliyosimama juu ya viti vingi na kura chache ilisimama juu ya mchanga.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 yataka mipaka ichunguzwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 10, na majimbo yasipungue 40 wala kuzidi 55. Kwa uchaguzi wa 2005 Pemba ilishuka kutoka majimbo 21 hadi 18, na Unguja ikapanda kutoka 29 hadi 32. Mwaka 2015 yakawa 54, na manne yote mapya yakawa ya Unguja. Mwaka 2020 yakarudi kuwa 50. Je, ni wangapi kati yetu walioulizwa?

Wala tusijidanganye: haki hii ni kisu chenye makali mawili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na kati yao 543,441 wako Pemba. Kwa hesabu tupu, Pemba ingestahiki majimbo 14 au 15 tu katika 50, na mitaa iliyofurika ya Mjini Magharibi ingeongezewa. Basi asiwepo miongoni mwetu wa kudai usawa panapomfaa na kuukimbia panapomuumiza. Ikiwa yako maelezo ya haki ya kukipa kisiwa kidogo zaidi ya hesabu yake, na sisi twaamini kuwa yako, na yaandikwe, yasomwe hadharani na yajibiwe.

Kwa hiyo twaitaka Tume ya Uchaguzi mambo matatu. Kwanza, ramani na idadi ya watu wa kila shehia vitangazwe kabla ya mstari kuchorwa. Pili, shehia isipasuliwe ila kwa sababu iliyoandikwa. Tatu, mipaka isiguswe wakati uchaguzi umekwisha kubisha hodi.

Na nyinyi, ndugu wa matawi, msingoje. Kila tawi lichague watu wawili wanaoujua mtaa wao nyumba kwa nyumba, waandike idadi yake na mipaka yake, na waifikishe kwa Tume kwa barua yenye saini za wakaazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ukishajengwa, hubomolewi kwa urahisi.